Kiu ya Dada Wawili

Msusi alifungua saluni yake asubuhi kama kawaida. Alifagia nywele za jana zilizojificha chini ya viti. Akafuta kioo kikubwa, akapanga vitana, mafuta na pini. Kabla mteja wa kwanza hajaingia, akafungua friji na kutoa soda baridi. Aliinywa akiwa amesimama, kwa mafunda makubwa, mpaka machozi yakamlenga.

Hiyo ilikuwa ya kuamsha mwili. Baadaye alikunywa chai. Chai isiyokolea sukari yeye aliiita maji ya kuoshea vikombe. Mchana alikula sahani kubwa ya wali na viazi vya kukaanga, akateremshia soda nyingine. Alasiri zikaja za zawadi. Mteja aliyependezwa na msuko wake hakuondoka bila kusema, "Chukua soda, dada, ni juu yangu." Kukataa soda ya mteja ni kumkosea adabu. Na msusi hakuwahi kumkosea mtu adabu.

Wateja walimpenda. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi. Mwili wake ulikuwa mkubwa, naye alikuwa wa kwanza kuutania. "Jamani nipisheni, lori linapita!" alisema akijipenyeza kati ya viti, na saluni nzima ikacheka.

Lakini magoti yalimuuma. Jioni miguu ilivimba mpaka viatu vikagoma kuvulika. Nyumbani kwake kulikuwa ghorofani. Alipopanda ngazi alisimama kila baada ya hatua chache, akijifanya anatafuta funguo kwenye pochi.

Siku moja alikuwa ameketi akimsuka mwalimu. Stuli aliyokalia ikalia kwii, mguu mmoja wa stuli ukakatika. Msusi akaenda chini, kitana mkononi. Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Msusi naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

"Stuli za siku hizi ni karatasi tupu!" alisema.

Walisaidiana kumwinua. Alimaliza kichwa cha mwalimu akiwa amesimama. Halafu akaingia chooni, akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akalia.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumwona dada yake mkubwa. Dada alikuwa fundi cherehani hodari. Sasa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka pembeni mwa chumba. Kisukari kilimharibia macho polepole, bila yeye kujua kwamba anacho. Alipokwenda kupimwa, tayari alikuwa haoni uzi wala sindano. Sasa aliona mwanga tu mlangoni.

"Ni wewe," Dada alisema kabla msusi hajabisha hodi. "Nakujua kwa unavyohema."

Msusi alimsalimia, akaketi kwenye kitanda. Kitanda kikalalamika.

"Niambie ukweli," Dada alisema. "Unasikia kiu sana?"

"Kidogo. Ni joto tu hili, Dada."

"Na mimi nilisema ni joto. Kila nikisikia kiu nakunywa soda. Kila nikinywa soda, kiu inazidi." Dada alijifuta uso. "Mama yetu alikuwa hivi. Shangazi alikuwa hivi. Ni damu yetu, mdogo wangu. Tunakwenda kwa zamu tu."

Msusi aliaga. Alitoka pale akiona hukumu yake imeshasomwa. Njiani alipita dukani, akanunua soda kubwa. "Kama nakwenda, basi niende nimeburudika," alijiambia. Aliinywa akitembea, na hakuisikia hata ladha yake.

Wiki hiyo alikuja saluni nesi wa kliniki ya jirani. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Msusi alifungua soda yake, akaanza kumfumua nywele, na mambo yakamtoka yote: stuli, magoti, macho ya Dada, damu ya ukoo.

"Ukoo una sehemu yake, sikufichi," nesi alisema. "Mtu ambaye ndugu zake wana kisukari anatakiwa kujihadhari kuliko wengine. Lakini ndugu hurithishana pia mapishi na vinywaji. Hebu nipe kopo lako la sukari, na glasi tupu."

Msusi akampa. Nesi akachota sukari kwa kijiko cha chai, akamimina kwenye glasi. Akachota tena na tena. Msusi akadhani atachoka. Vilipofika vijiko vinane, nesi akasimamisha mkono.

"Chupa moja ya soda unayokunywa ina sukari kama hii, au zaidi kidogo. Unaweza kuilamba?"

"Kinyaa hicho!"

"Leo umeshailamba mara ngapi?"

Msusi aliitazama glasi. Sukari ilikuwa imepanda kama mchanga wa kujengea.

"Halafu kuna chai yako," nesi aliendelea. "Na juisi za pakiti."

"Ah, juisi ni matunda, bwana!"

"Soma pakiti. Nyingi ni maji, sukari, na tunda kidogo la kutia harufu. Hata ukikamua mwenyewe, glasi moja inameza machungwa kadhaa, na yale makapi yanayoshibisha umeyatupa. Kula chungwa lenyewe. Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Unakunywa, kisha unakula vilevile. Mwili ukipata zaidi ya unachotumia, unaweka akiba ya mafuta. Ndiyo hii inayolemea magoti yako."

"Nimeshachelewa, nesi."

"Hujui kama umechelewa. Kesho njoo tukupime. Uje kabla hujala wala kunywa chochote isipokuwa maji."

Kesho yake alipimwa. Nesi aliyasoma majibu, akamweleza kwa utulivu. "Sukari yako imepita kiwango cha kawaida, ila haijawa kisukari. Watu wengi hupita hapa bila kujua, kwa sababu hakuna kinachouma. Ukipunguza uzito sasa, sukari inaweza kurudi chini."

Mwingine angefurahi. Msusi aliogopa. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kutokula kabisa. Asubuhi hakutia kitu mdomoni. Mchana alikunywa maji. Kichwa kikamgonga, mikono ikatetemeka, akamsuka mteja kwa kukaza mpaka yule mama akapiga kelele, "Jamani, ngozi hiyo!" Alivumilia hivyo siku mbili. Jioni ya siku ya pili alisimama jikoni, akala wali moja kwa moja kwenye sufuria, akashushia soda juu ya soda.

Mumewe, fundi wa mabomba, alimkuta hapo, mwiko mkononi, machozi yakimtiririka.

"Mke wangu, nani amelalamika?" aliuliza. "Mimi nakupenda hivyo hivyo. Tena ukikonda watu watasema sikulishi."

"Hao watu hawanisaidii kubeba magoti yangu," msusi alijibu. "Dada haoni. Unanisikia? Dada haoni! Na mimi hata siku mbili zimenishinda."

Mumewe alimsogelea. Aliuchukua ule mwiko taratibu, akauweka.

Msusi alirudi kwa nesi kwa aibu. Nesi aliposikia habari ile alishika kiuno. "Nani alikwambia ujitese kwa njaa? Ukijinyima kabisa, njaa itakushinda tu, na utakula mara mbili. Wewe kula, lakini panga sahani yako. Nusu iwe mboga. Robo iwe wali, au viazi vya kuchemsha. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki au yai. Vya kukaanga viwe vya mara mojamoja. Kiu ikija, maji. Sukari ya chai ipunguze kijiko kimoja kimoja, ulimi utazoea. Na jioni tembea, hata polepole."

"Nitapungua lini?"

"Polepole. Hukunenepa kwa wiki moja, hutapungua kwa wiki moja. Na Dada yako naye anafaa kula hivi. Ila yeye anatumia dawa, kwa hiyo aje kwanza tuzungumze. Dawa na chakula vinakwenda pamoja."

Msusi akaanza upya. Aliondoa soda kwenye friji, akajaza chupa za maji. Nyingine alizitia kipande cha limau. Siku za kwanza kichwa kilimuuma kwa kukosa soda, na ulimi ukadai utamu kama mtoto anayedai kubebwa. Nyumbani mumewe aliitazama sahani mpya, akaguna, "Sasa mimi ni mbuzi?" Lakini akala.

Mteja alipomletea soda, alisema, "Asante, mwenzangu, leo nipe maji."

"Umeanza kuringa?" yule mteja aliuliza, na hakuwa akitania.

Miezi ikapita. Nguo zikaanza kumpwaya. Hapo msusi alidhani watu watamsifu. Badala yake minong'ono ikaanza. Aliwasikia akiwa nyuma ya pazia anachemsha maji.

"Umeona mashavu yake?"

"Amekwisha. Kuna gonjwa, hilo si bure."

"Na ndiye anayetushika vichwa!"

Mteja wake wa miaka mingi akahamia saluni ya mtaa wa pili. Alipita mbele ya mlango akitazama upande mwingine. Na mwezi huohuo mizani ya kliniki ikagoma kushuka. Msusi alipanda, akashuka, akapanda tena. Palepale.

Mchana ule saluni ilikuwa tupu. Juu ya meza palikuwa na soda iliyosahauliwa na mteja, haijafunguliwa, chupa inatoka jasho. Msusi aliitazama kwa muda mrefu. Anajinyima kwa ajili ya nani? Watu wamemkimbia, mizani imemkataa, na damu ya ukoo bado ni ile ile. Akaifungua, akainywa yote. Ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliweka kichwa kwenye meza kati ya vitana, na hakukiinua mpaka mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa nesi, amekuja kusukwa. Aliiona chupa tupu. Aliuona uso wa msusi.

"Ngapi?" aliuliza.

"Moja. Nimeharibu kila kitu."

"Umekunywa soda moja. Zamani ungesahau kama umeinywa." Nesi alivuta kiti, akaketi. "Mizani husimama, halafu huendelea. Na hao wanaonong'ona, ukipenda waambie umepunguza sukari. Usipopenda, nyamaza. Mwili ni wako. Haya, nisuke. Na baadaye kunywa maji."

Msusi alinawa uso, akashika kitana. Hakuwa na matumaini. Alikuwa na mazoea tu, lakini mazoea yakamvusha siku ile, na iliyofuata.

Mizani ikaanza kushuka tena, kidogo kidogo. Siku moja alifika mlangoni kwake ghorofani ndipo akakumbuka kwamba hakusimama njiani. Magoti bado yaliuma nyakati za baridi, lakini viatu vilivulika vizuri. Mumewe naye alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, na malalamiko ya mbuzi yalikwisha. Kliniki ikapima tena, na sukari ya msusi ilikuwa imerudi kiwango cha kawaida.

"Usiache sasa," nesi alimwambia. "Ukirudia ya zamani, nayo itarudi. Kila mwaka njoo upime."

Jumapili msusi alikwenda kwa Dada amebeba chakula. Dada alinyanyuka kumkumbatia. Mikono yake ilizunguka mgongo wa mdogo wake, ikakutana nyuma, ikashikana. Dada akaganda. Akapapasa mabega, mbavu, kiuno.

"Unaumwa?" aliuliza kwa hofu.

"Siumwi, Dada. Nimeacha soda. Nimebadilisha chakula. Nimepimwa, sukari iko sawa."

Dada alirudi kitandani polepole. Macho yake yalitazama mahali pasipo na kitu.

"Basi haikuwa damu peke yake," alisema mwishowe. "Kumbe mtu angeniambia mapema, pengine leo ningekuwa nashona."

Akalia. Alilia kwa sauti, kama anayelia msiba. Msusi alimshika mikono. Wakalia wote wawili mpaka wakachoka.

"Macho yangu hayarudi," Dada alisema.

"Nesi anasema hivyo, Dada. Lakini anasema miguu na figo zako bado tunaweza kuvilinda. Kesho nitakupeleka kwake, mpange dawa na chakula. Nitakuwa nakuja kila siku."

Dada alijifuta uso kwa kanga. Kisha akanyoosha mkono mbele yake, kiganja wazi.

"Hicho chakula chenyewe kinapangwaje? Nionyeshe."

Msusi akapakua. Akamnawisha dada yake, akaushika mkono wake na kuupitisha juu ya sahani. "Nusu hii yote ni mboga. Huku ni maharage. Wali ni huu hapa." Vidole vya fundi vilitembea taratibu, vikatafuta ukingo wa kila kitu, kama zamani vilivyotafuta mshono.

"Wali ni huu tu?"

"Ni huo tu, Dada."

"Mdogo hivi?"

"Mdogo hivyo."

Dada akashusha pumzi. Machozi yalikuwa hayajakauka mashavuni. Akachota mboga kwanza.