Vipimo vya Kisima Si Mali ya Ekal

Asubuhi moja, Nakal na binti yake Akai walipeleka mbuzi kisimani, nje kidogo ya Kakuma. Pampu ilikohoa, ikatoa maji kidogo, kisha ikanyamaza. Nakal alimpigia simu mumewe, Ekal, karani katika ofisi moja ya maji mjini Lodwar.

"Baba Akai, pampu imekufa. Mbuzi wanalia, na hata maji ya kunywa hayako."

"Usijali, Mama Akai. Mafundi wanakuja."

Mafundi walitaka vipimo kwanza. Kisima kinakwenda chini kiasi gani? Pampu yake ni ya ukubwa gani?

"Yote yako kwenye kompyuta yangu," Ekal alijibu kwa maringo. "Neno la siri ninalijua mimi peke yangu."

Akabonyeza. Kompyuta haikuwaka. Akabonyeza tena. Wapi! Vumbi na joto la Lodwar vilikuwa vimeimaliza. Ekal alitokwa jasho. Bila vipimo, mafundi wangeweza kwenda na mabomba mafupi, na nyumbani kwake wangezidi kukaa na kiu.

Jerusha, mtunza kumbukumbu mpya wa ofisi, akauliza, "Nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna, Madam."

"Hujawahi kumtumia mtu yeyote?"

Ekal alifikiri. "Wekesa! Yule fundi mkuu wa Kakuma. Nilimtumia kwa barua pepe."

Wekesa alitafuta mpaka akachoka, maana Ekal aliipa faili jina la "Mpya Kabisa". Hatimaye akaipata, akaituma ofisini Lodwar. Mafundi waliondoka na mabomba sahihi, na kesho yake maji yakatoka. Nakal alipiga simu akicheka na kulia.

"Tumeokolewa na bahati," Jerusha alimwambia Ekal. "Kumbukumbu hizi si zako. Ni za wananchi."

"Sasa tufanye nini?"

"Kila faili iwe na jina la kisima, mahali na mwaka. Ikae kwenye kompyuta kuu ya ofisi, na nakala yake ikae kwenye jengo lingine. Tuwe tunazifungua kuona kama bado zinasomeka. Na kila aliyeruhusiwa aingie kwa neno lake mwenyewe la siri. Wewe ukiugua, watu wasikose maji."

Ekal aliona aibu, lakini alifanya kazi hiyo mpaka ikaisha.

Desemba akaenda likizo nyumbani. Huko akasikia kwamba pampu ya kisima kingine, kule Kerio, imeharibika. Akapiga simu ofisini haraka.

"Mnahitaji vipimo?"

"Tumeshavipata, Ekal," Jerusha alisema. "Mafundi wako njiani. Pumzika."

Ekal akanuna. "Siku hizi hawanihitaji hata kidogo!"

Nakal alicheka mpaka akakaa chini. "Si ndiyo vizuri? Wacha sisi tukuhitaji."

Ekal naye akacheka. Miaka yote simu ilikuwa ikimrudisha Lodwar kabla likizo haijaisha. Mwaka huo alikula Krismasi na familia yake.