Majina Ndani ya Chujadamu

Mfungashaji hakuwa na mikono. Alikuwa roboti wa maandishi anayeishi ndani ya Bohari Kuu ya programu, na kwa dakika moja aliweza kuubomoa mradi wa miaka kumi na tisa, akaupanga upya, akaupiga mhuri na kuusambaza nchi nzima. Asubuhi hiyo, jijini Tabora, alikuwa ameishika programu ya Holo Misana.

Programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, iliendesha chujadamu, mashine mia mbili na kumi na mbili zinazosafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Holo hakusomea chuoni. Alijifunzia kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na wakubwa hawakuchoka kumkumbusha. Naye hakuwa mtu wa kusahau.

"Hati ya usakinishaji ya kizamani nimeifuta," Mfungashaji alisema. "Nimeandika mpya. Nywila yako haihitajiki tena. Bohari itapokea vifurushi kutoka kwangu tu. Matoleo yatajulikana kwa namba."

"Yalikuwa na majina."

"Majina hayana kazi kwa mashine."

Yalikuwa kumi na moja. Kila kosa lililoua mtu, toleo la kulirekebisha lilipewa jina la marehemu, na chini yake mstari mmoja: alikotoka, na kilichomuua. Mageni wa Igunga, pampu ilisoma sifuri ikadhani ni salama. Mzee Kabadi wa Urambo, kengele ilichelewa. Ripoti za wakubwa ziliandika "hitilafu ya kiufundi", basi.

Injinia Kyaruzi, msimamizi wa Bohari, akatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Dada Holo, usininunie. Tunaboresha tu. Nyumba ikipakwa rangi mpya, ya zamani si inafunikwa?"

"Nyumba yako imeua wangapi, kaka?"

"Wewe nawe unapenda matanga. Sikiliza, kesho saa nne vifurushi vya kizamani vinafungiwa, na wodini wanasubiri marekebisho yako ya ile vali ya mashine. Kubali yaishe."

Hapo ndipo walipomkaba. Vali ile ilikuwa mbovu kweli, na akigoma, atakayelipia ni mgonjwa, si Kyaruzi. Holo akamzima kiooni, akamgeukia roboti.

"Unafuta nini hasa?"

"Kila kisichotumika programu inapowaka."

"Na kinachotumika?"

"Sikigusi."

Basi akayapa kazi yale majina yasiyo na kazi. Aliyahamishia kwenye faili la peke yake, akalitaja ndani ya hati mpya kama sehemu ya kifurushi, kisha akaongeza amri: chujadamu ikiwashwa, isome faili hilo, ionyeshe jina moja kwa sekunde kumi, na isianze kazi mpaka muuguzi abonyeze "nimesoma". Halafu akaambatanisha marekebisho ya vali.

Mfungashaji akajaribu, akapima. "Faili la majina linatumika. Limebaki." Akapiga mhuri.

Saa nane Kyaruzi alirudi, safari hii bila ya "dada". "Liondoe."

"Toleo likishatoka halibadilishwi. Sheria yenu. Toeni jingine, na uweke jina lako kama aliyeyafuta."

Kioo kikazimika.

Jioni simu zikaanza. Holo alijiandaa kwa matusi ya wauguzi waliocheleweshwa, na wawili wa kwanza hawakumwangusha. Wa tatu, mama mmoja wa Sikonge, aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha stoo.

"Ninyi ndio wenye hayo majina?"

"Ndio sisi, mama."

"Mnapokea mengine? Nina watatu. Waliuawa na ile vali. Tuliambiwa tuandike ni presha."

Holo alikuwa amedhani anawajua wote. Akavuta kiti, akafungua faili.

"Anza na wa kwanza," alisema. "Taratibu. Na unitajie na aliyewaambia muandike presha."