Siku ya Akiba

Basi lilikuwa limeondoka. Clemence Mbwambo alisimama kando ya barabara kuu pale Hedaru, mkono mmoja umeshika mahindi ya kuchoma, mwingine umeshika kichwa.

"Unatafuta lile la bluu?" sauti ya kike ilimuuliza kutoka nyuma. "Hilo lina dakika tano sasa. Konda ameita mpaka amechoka."

Aligeuka. Mwanamke aliyesema alikuwa anashusha kreti za mikate kutoka kwenye kirikuu nyeupe, kile kigari kidogo cha mizigo. Alivaa gauni la kitenge cha kijani, kilemba kimelegea upande mmoja, na mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Tuseme ukweli tu: ni huyohuyo aliyemchelewesha. Clemence alikuwa ameganda pale akimtazama anavyobishana na mwenye duka, akasahau kama kuna basi duniani.

"Begi langu limo kwenye buti," alisema. "Pasipoti, kitabu cha ubaharia, kila kitu. Mimi nashukia Same, lakini basi lenyewe linakwenda Arusha."

Mwanamke alimpima kwa macho, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, saa kubwa mkononi. Akafunga mlango wa nyuma wa kirikuu kwa kishindo.

"Panda. Naitwa Eliwaza."

Kirikuu haikuumbwa kukimbiza mabasi. Ilitetemeka, ikalia, kreti zikagongana huko nyuma. Clemence alishikilia kiti kwa mikono miwili, na ili kuificha hofu yake akaanza kuongea. Alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za watalii, zile kubwa zenye ghorofa kumi na tano. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa.

"Basi nifundishe," alisema Eliwaza bila kutoa macho barabarani. "Siku nikipanda nisije nikaaibika."

Hapo ndipo alipomgusa. Clemence akiulizwa habari za meli hanyamazi.

"Usidanganywe na chumba cha juu eti uione bahari. Chukua cha katikati, ghorofa za chini, hapo meli haiyumbi sana. Tumbo likichafuka, tafuna tangawizi. Halafu usipande ndege siku ileile meli inapoondoka. Fika jana yake. Ndege ikikuangusha, una siku ya akiba. Na vitu vya lazima haviwekwi kwenye begi kubwa hata siku moja. Pasipoti, dawa, nguo ya kubadili, unatembea navyo mkononi."

Eliwaza alitupa jicho kwenye mahindi yaliyokuwa mapajani mwa Clemence.

"Na pasipoti yako iko wapi, baharia?"

Clemence aliyageukia mahindi yake mpaka wakapita Makanya. Eliwaza alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamhurumia, akampa mkate wa tangawizi aliouoka mwenyewe alfajiri.

"Kitu kikubwa kuliko vyote ni saa," alisema Clemence akitafuna. "Ukishuka bandarini usiangalie saa ya mji. Angalia ya meli. Kila safari kuna abiria wanaokuja wanakimbia gatini na mifuko yao ya zawadi, na sisi ngazi tumeshaiinua. Wanapunga mikono, wanalia."

"Na nyie mnafanyaje?"

"Tunawapungia na sisi."

"Mnawaacha?"

"Meli ina saa yake, Eliwaza."

Eliwaza hakucheka tena. Walilikuta basi stendi ya Same likiwa tayari limewasha injini, konda ameshapanda ngazi. Clemence alipokumbatia begi lake kama mtoto aliyepatikana, Eliwaza alikuwa ameegemea kirikuu, mikono kifuani, anamtazama. Akaombwa namba ya simu. Akaitoa, akisema ni ya oda za mikate.

Oda ziliingia kila siku. Ndani ya miezi mitatu Clemence alikula mikate ya watu kumi, na asubuhi yoyote ukipita karibu na tanuri la Eliwaza, nyuma ya soko la Same, ungemkuta amekalia gunia la unga anasimulia dhoruba. Walipendana waziwazi, mji mzima ukajua. Lakini mkataba mpya ulikuwa umeshafika: miezi tisa, meli inaondoka Barcelona siku ya Jumatatu, ndege kutoka uwanja wa KIA Jumamosi saa tatu usiku.

"Sitaondoka kabla sijajulikana kwenu," Clemence alimwambia Eliwaza. "Miezi tisa ni mingi. Mtu atakuja na suti yake akuchukue."

"Suti haininunui mimi," Eliwaza alijibu. Lakini usiku ule furaha ilimnyima usingizi.

Shida ilikuwa kwao Eliwaza. Baba yake, mzee Eliamini wa Msangeni, kijiji cha milimani juu ya Mwanga, alipokea salamu za mshenga akajibu kwamba nafasi yake ni Jumamosi, na hiyo Jumamosi haibadiliki. Clemence akapiga hesabu zake za meli. Posa saa tano asubuhi, maneno mawili matatu, chakula, saa tisa na nusu wanashuka, saa kumi na mbili jioni yuko uwanja wa ndege. Eliwaza alipiga simu Ijumaa.

"Mpenzi, baba ana mambo yake na wakwe. Njoo na subira."

"Subira ninayo tele, mama mikate."

"Nasema kweli, Clemence. Siruhusiwi kusema zaidi."

"Saa tano kamili nitakuwa mlangoni."

Na kweli, saa tano kamili Noah ya kukodi, gari la dereva Yahaya, ilisimama Msangeni, kwenye ua uliozungukwa na migomba na kahawa. Clemence alivaa suti ya kijivu. Mshenga wake alikuwa baba yake mdogo, mzee Paschal, aliyevaa koti la kanisani na kofia, barua ya posa mfukoni. Esta, shangazi yake Eliwaza, aliwapokea kwa heshima zote, akawaonyesha benchi chini ya upenu, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Saa sita ikapita. Saa saba. Mzee Eliamini alionekana huko kwenye migomba, panga mkononi, anakata majani makavu kama mtu asiye na mgeni. Kila akimaliza mgomba mmoja, anahamia mwingine. Harufu ya makande ilitoka jikoni, lakini sahani haikutoka.

"Baba mdogo, hawa wametukataa," Clemence alinong'ona saa nane.

"Kaa, mwanangu. Hatujajibiwa."

"Kutojibiwa ndiyo jibu lenyewe."

"Nimesema kaa."

Jasho lilikuwa limeloanisha kola ya shati. Clemence aliangalia saa, akaangalia migomba, akaangalia saa. Kule ndani, nyuma ya pazia, Eliwaza alikuwa anauma kidole, anamwomba Mungu. Saa tisa na nusu ilipofika, mtu wa miaka tisa baharini akasimama. Miguu yake ilijua kazi moja tu, kuondoka saa ikifika.

"Clemence!" mzee Paschal alimshika koti.

"Ngazi imeinuliwa, baba mdogo. Twende."

"Nenda wewe. Mshenga haondoki bila jibu."

Akaenda. Noah ilishuka njia ya Kikweni ikitimua vumbi, na Clemence hakugeuka nyuma kwa sababu alijua akigeuka atalia.

Simu iliyopoteza mtandao kwenye kona za mlima iliushika tena walipofika Mwanga, mahali ambapo njia ya mlimani inakutana na barabara kuu. Iliita hapohapo.

"Uko wapi?" Sauti ya Eliwaza ilikuwa imekauka.

"Mwanga. Eliwaza, nisikilize. Nimekaa saa nne na nusu. Watu wanaomtaka mgeni hawamwachi uani kama mdai."

"Baba alikuwa ananawa mikono."

"Nini?"

"Ulipowasha gari alikuwa ananawa mikono aje kukaa na nyie! Hivyo ndivyo kwetu wanavyomtaka mgeni, Clemence. Babu mzaa mama alimkalisha baba mpaka jua likazama. Wanataka kuona kama mtu anaweza kukaa. Binti haruhusiwi kumwonya mchumba wake, ndiyo maana nilikuambia subira, na bado ukaniambia unayo tele."

Clemence aliitazama saa yake.

"Ndege ni saa tatu, mpenzi. Ningefanyaje?"

Eliwaza akaongea polepole, na kila neno lilimwingia.

"Meli inaondoka Jumatatu. Leo Jumamosi. Meli umeiwekea siku nzima ya akiba, kama ulivyonifundisha. Mimi umeniwekea nini?"

Clemence aliishusha simu, akairudisha sikioni.

"Usirudi," Eliwaza aliendelea, sasa analia. "Ukirudi utakosa ndege, halafu utanilaumu mpaka uzeeni. Nenda kwenye meli yako. Mimi nakupungia mkono hapa gatini."

Simu ikakatika. Kulia kulikuwa na barabara ya KIA. Yahaya alisubiri, kiashiria cha kulia kinawaka na kuzima. Miaka tisa, hakuna meli iliyowahi kumwacha Clemence. Alikuwa akijisifu kwa hilo mbele ya kila mtu, na sasa aliona aibu nalo. Alifungua mkanda wa saa yake, akaitumbukiza kwenye begi.

"Geuza gari."

"Bosi, ndege?"

"Kuna nyingine kesho. Geuza, Yahaya, kabla sijaogopa."

Jua lilikuwa limegusa vilele alipoingia tena kwenye ule ua. Mzee Paschal alikuwa palepale kwenye benchi, kofia magotini, peke yake. Alisogea kumpisha Clemence. Wakakaa.

Mzee Eliamini alitoka ndani akijifuta mikono, akasimama mbele yao.

"Shikamoo baba," Clemence alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeondoka?"

"Ndiyo, baba. Nilikosea."

"Umerudi kufanya nini?"

"Kukaa."

Mzee alivuta kigoda, akaketi kama mtu mwenye wiki nzima mbele yake. Akamgeukia mshenga.

"Mzee mwenzangu, posa yenu haikuvunjika, kwa sababu wewe hukunyanyuka. Mshukuru baba yako mdogo, kijana." Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Eliwaza! Watu hawa wanasema wanakutaka. Tupokee barua yao?"

Eliwaza alitokea mlangoni, gauni jipya la kitenge cha njano, macho yamevimba. Alimtazama Clemence bila kumwonea huruma hata kidogo.

"Wamekaa, baba," alisema. "Pokea."

Shangazi Esta alipiga vigelegele mpaka majirani wakajibu. Makande yakaja hatimaye, na Eliwaza akaleta maji ya kunawa. Alipommiminia Clemence, aliona kifundo cha mkono wake kitupu.

"Saa yako iko wapi?" alinong'ona.

"Kwenye begi."

"Na begi?"

"Kwenye gari la Yahaya."

Wote wawili waligeuka kutazama njia. Palikuwa na alama za matairi tu. Yahaya alikuwa ameshashuka zake kwake Mwanga.

"Clemence! Pasipoti!" Eliwaza aliweka jagi chini. "Miaka tisa! Subiri nilete ufunguo wa kirikuu, tukimkosa huyo hata ndege ya kesho..."

Clemence alimshika mkono uliolowa maji, akamvuta taratibu kwenye nafasi iliyobaki kwenye benchi, kati yake na mzee Paschal.

"Tutamfuata asubuhi, mpenzi," alisema. "Kaa tule. Tuna kesho nzima."