Cheche Alirudi kwa Ndege

Siku hiyo stesheni kuu ilifurika watu mpaka ukikanyagwa huna pa kulalamikia. Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, alisimama kwenye foleni ya tiketi na shati lililojaa vitundu vya moto. Mbele yake mama mmoja alikuwa amemshika mkono mumewe kipofu, anamwelekeza mguu kwa mguu.

Walipoondoka, binti wa dirishani, sare yake imepigwa pasi ikasimama, akashusha pumzi.

"Namhurumia yule mama," alisema. "Mama yangu alimshika baba vivyo hivyo tangu mimi sijazaliwa mpaka tulipomzika. Nitaolewa na yeyote, lakini wa kumshika mkono, Mungu aniepushe. Haya, wewe kaka, wapi?"

Cheche aliinama karibu na kioo. "Jiji Kuu, ng'ambo ya mpaka. Kuna njia gani?"

"Kuna ndege, soda haijaisha umefika. Kuna basi, linapanda milima, ukishuka kiuno si chako. Na kuna treni, inapita mabondeni, inasimama hata penye kichaka. Una haraka au una subira?"

"Nina maswali tu."

"Maswali hayakatiwi tiketi, baba. Wa nyuma!"

Watu wakacheka. Kesho yake Cheche akarudi na maswali mengine, na kesho kutwa tena. Wiki ya tatu akawa anamngoja nje ya geti akitoka kazini, kanyoa ndevu, kavaa shati lisilo na tundu hata moja. Akambandika jina, Dirisha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Cheche hakulisema. Jicho lake la kushoto liliingiwa na kipande cha chuma zamani akiwa bado anajifunza kazi, na tangu hapo lilikuwa linaona ukungu mtupu. Alikuwa akiishi kwa la kulia, na sasa hilo nalo lilikuwa linashukiwa na pazia jeusi kutoka pembeni. Hospitali ya kumtibu ilikuwa Jiji Kuu peke yake. Kila alipotaka kumwambia mpenzi wake, alimkumbuka yule mama na mumewe, maneno yakamkauka.

"Naenda kujifunza mashine mpya ya kuchomelea," akamwambia.

"Nenda, roho yangu. Ila urudi siku ya wazee, uje kutoa posa. Mjomba anasafiri toka mbali kuja kukusikiliza wewe."

Alikwenda kwa basi. Jicho likapasuliwa, utando uliobanduka ndani yake ukarudishwa mahali pake, na daktari akajaza gesi ndani ya jicho ili iushikilie. Akamfunga ukanda wa plastiki mkononi, ulioandikwa kwa herufi nyekundu kwamba asipande ndege.

"Nisikilize, kijana. Huko juu gesi hii inatanuka kama mkate kwenye tanuri. Ukipanda ndege kabla haijaisha, jicho linakufa. Basi la milimani nalo usiliguse. Panda treni."

"Nitaona tena, daktari?"

"Ukipanda treni, utaona."

Asubuhi ya kutoka hospitali simu ikaita.

"Cheche wangu! Keti kwanza. Umeketi?"

"Nimeketi, mpenzi."

"Ofisini nimekuwa muuzaji bora wa mwaka! Zawadi yake ni tiketi moja ya ndege, nami nimeiandika jina lako. Keshokutwa asubuhi unapaa, mchana uko mbele ya wazee."

Cheche aliutazama ukanda mkononi. "Dirisha, mimi nitakuja kwa treni."

"Treni? Treni ya kesho inafika wazee wameshaondoka!"

"Waombe wasogeze siku."

"Mjomba nimwambie nini? Kwamba bwana harusi anapenda kutazama vichaka?" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mimi nakata tiketi kila siku, Cheche. Nawajua watu. Anayetaka kufika hachagui treni. Nani yuko huko?"

"Hakuna mtu. Nakuapia."

"Basi sababu ni nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kusema. Neno moja tu lilitosha. Cheche akaushusha mkono wa shati, akaufunika ukanda.

"Ahaa," alisema Dirisha, sauti imepoa. "Usipokuwa ndani ya ile ndege, usije kwangu tena kwa njia yoyote."

Siku ya safari Cheche aliingia chooni kwenye kiwanja cha ndege, akaukata ule ukanda kwa wembe, akautumbukiza kwenye pipa la taka. Alivaa miwani ya jua. Akasali. Lakini alikuwa anamwomba Mungu amlinde na kitu alichokuwa anakifanya mwenyewe.

Ndege ilipopanda, jicho lilianza kubana. Kisha likawa kama linachomelewa kwa ndani. Alikaza meno, hakumwita mtu. Mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu, ukawa mweusi, nayo ndege haikuwa imeanza hata kushuka.

Dirisha alimsubiri kiwanjani na gauni la bluu lililoshonwa kwa ajili ya siku ile, midomo imepakwa rangi.

"Bwana mdogo wa Jiji Kuu! Mbona unaangalia ukutani? Mimi niko huku!"

"Sema tena," alisema Cheche. "Nijue ulipo."

Dirisha akamvua miwani. Wazee hawakumwona mkwe siku ile.

Daktari wa hospitali ya karibu alitoka na uso mgumu. "Nani alimpandisha mtu huyu ndege?"

"Mimi," alisema Dirisha. "Tiketi nilikata mimi."

Jicho halikurudi. Jioni Dirisha alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, gauni limekunjamana.

"Ungeniambia, Cheche."

"Ningekuambia, ungenikubali?"

Dirisha alilinyoosha gauni kwa kiganja. "Sijui."

"Hicho ndicho nilichokiogopa. Mwambie mjomba nimeondoa maneno yangu. Tafuta mwenye macho."

"Koma!" Sauti yake ilipaa mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. "Uliniamulia kule, na sasa unaniamulia tena? Hukunipa hata nafasi ya kukukataa. Umekwenda kujichoma jicho, halafu mzigo unaniachia mimi niubebe maisha yangu yote!"

Cheche alipapasa shuka kama anayetafuta kitu.

"Basi niulize," alisema Dirisha, analia. "Niulize kama mtu anavyoulizwa."

"Nimebaki na ukungu. Kazi ya moto imekwisha, nyingine siijui. Utanikubali?"

Wodini mtu alikohoa, sahani zikakusanywa.

"Naogopa, Cheche. Naogopa sana. Nakubali."

Hapakuwa na kigelegele. Nesi alikuja akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na Dirisha akainuka. Cheche akageuza uso mlangoni, akasikiliza viatu vyake vikienda korido nzima mpaka vikapotea.