Kiti cha Tano

Bika la kioo lilianza kulia Jumanne, saa nne asubuhi: ti, ti, ti, kama bangili inayogonga glasi mtu anapoosha vyombo. Mtafiti aliinua macho. Maabarani alikuwa peke yake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu kwa wiki ya pili sasa.

Bangili yake ya shaba, aliyopewa na mama yake, aliivua kwa sababu kanuni za maabara zinakataza mapambo. Kisha chumvi ya shaba aliyoagiza ikachelewa, mwaka wake wa mwisho wa masomo ukawa unayoyoma, na ile shaba safi ilikuwa mbele yake mezani. Akaipima, gramu arobaini na moja, akaitumbukiza kwenye asidi. Ulipokwisha moshi wa kahawia, akaongeza molekuli alizohangaika nazo miaka mitatu, zile za kuishika shaba kwa mikono minne, akaacha maji yakauke polepole. Fuwele za buluu zikaota. Moja, ndogo kama punje ya mtama, aliituma kwa fundi wa eksirei wa chuo cha mbali, apige picha ya jinsi atomu zilivyokaa.

Tangu hapo harufu ya nywele zilizoungua ilimfuata hadi nyumbani. Na binti yake wa miaka sita akaanza kusinzia: mezani, kijiko mkononi, mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Daktari hakuona ugonjwa.

"Nimechoka, mama," mtoto alinong'ona. "Kuna mtu nambeba."

"Nani?"

"Hasemi. Anapanda tu mgongoni."

Mtafiti akampigia simu mama yake mwenyewe, akamweleza.

"Bangili iko wapi?"

"Nimeiyeyusha."

"Umeiyeyusha." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo akaambiwa aubebe tena. "Wewe na shule zako. Bibi yangu alizika dada zake watatu. Hawakuumwa, walichoka tu. Mganga akalifunga lile jini ndani ya shaba, nasi tukaivaa. Hukuambiwa uelewe. Uliambiwa uvae."

"Nifanyeje?"

"Irudishe shaba. Yote."

Akaikumbuka ile punje aliyomtumia fundi. Lakini punje moja katika gramu arobaini na moja ni ndogo kuliko kosa la mizani. Kwa mkemia, hiyo ni sifuri. Akaaga bila kuitaja.

Aliziyeyusha fuwele zote, kazi ya miaka mitatu, akatumbukiza misumari ya chuma, na buluu ikaanza kufifia na shaba nyekundu kuishika misumari, huku bika likigonga haraka zaidi na zaidi, na harufu ikimjaa kooni, na uzito ukimlalia mabegani mpaka akashika ukingo wa meza asianguke, hadi maji yalipokosa buluu na kukawa kimya.

Sonara aliifua bangili upya. Jioni ile binti yake alikimbia uani mpaka akakemewa, na mtafiti akalala kama gogo.

Siku ya nne fundi wa eksirei akapiga simu.

"Dada, ulisema shaba yako imeshikwa na mikono minne. Mbona picha inaonyesha nafasi ya tano, kama kiti cha tano? Juu yake kumekaa kitu kizito, sikijui jina." Akapiga miayo. "Niwie radhi. Tangu niiweke kwenye mashine nimechoka, hata sijielewi."

Mtafiti aliizungusha bangili mkononi.

"Una watoto?"

"Mmoja, wa kike. Leo kasinzia amesimama. Kwani?"