Aliyeifunga Kompyuta ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia steshenari ya Mama pale Ibadakuli, nikapanga karatasi, kisha nikamwashia kompyuta yake mpakato huku yeye akimalizia chai. Fredy, kaka yangu wa kidato cha pili, kazi yake ilikuwa kunielekeza pa kufagia.

Jumamosi hiyo kompyuta haikuwaka kama kawaida. Kioo kilibaki cheusi, na maandishi yakadai nenosiri. Mama aliandika lile lake la siku zote. Likakataa. Akajaribu tena, likakataa. Ndani ya kompyuta ile ulikuwamo mtihani wa darasa la sita ambao shule ilimpa auchape, na Mwalimu Bujiku angekuja kuuchukua mchana.

Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa darasa la sita.

"Eunice! Ulikuwa unautafuta mtihani?"

"Mama, sijagusa!"

"Nani mwingine anautaka? Fredy?"

Fredy alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama viatu vyake. Mama Mageni, jirani yetu mwenye genge, aliacha nyanya zake akaja kusikiliza.

"Ee! Mtoto mdogo hivi, wizi wa mtihani!" akasema.

Nililia, lakini si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, na kama hujui tofauti yake, ngoja siku mama yako mzazi akuite mwizi.

Mimi, Mama na Fredy tuliipeleka kompyuta mjini Shinyanga kwa fundi Amosi. Kwanza aliomba risiti, maana watu humletea hata kompyuta za wizi kutoka machimboni. Mama akamwonyesha.

"Mayu, hii haijaharibika," fundi akasema, akimwita Mama kwa heshima ya Kisukuma. "Mtu ameiwekea nenosiri la kuwashia, lile linalowekwa kabla kompyuta haijafunguka. Haliji lenyewe, wala haliwekwi kwa bahati mbaya."

"Ni huyu," Mama akasema, akininyooshea kidole.

"Si mimi!" Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Hata pa kuliwekea sipajui!"

Fundi akasogeza kompyuta nyingine mbele yangu. "Basi iwekee hii nenosiri kama lile."

Niliiwasha. Ikafunguka mpaka mwisho, nami nikabaki natazama picha ya maua. Fundi akaizima, akaisogeza kwa Fredy.

"Haya, na wewe."

Fredy akaficha mikono nyuma.

"Nimesema ujaribu tu. Mbona unaogopa?"

"Ni mimi," Fredy akasema kwa sauti ndogo. "Jana nilikuwa namwonyesha rafiki yangu ujuzi nilioupata kwenye simu. Nikaweka nenosiri, nikalisahau."

"Ukaniacha niitwe mwizi!" Ningempiga kama Mama asingenishika mkono.

Fundi aliifungua kompyuta kwa chini, akachomoa betri ndogo ya mviringo inayotunza nenosiri hilo, akasubiri kidogo, akairudisha. Ikawaka bila kudai kitu. Mtihani ulikuwamo. Mimi sikufurahi hata chembe.

Mama akanigeukia. "Eunice mwanangu, nisamehe. Nimekuhukumu kabla ya kukuuliza vizuri." Kisha akamkazia macho Fredy. "Kusahau nenosiri si dhambi. Ungesema asubuhi, tungekuja kwa fundi tukicheka. Lakini ulinyamaza, na kimya chako kimempa mdogo wako jina la mwizi. Hilo fundi hawezi kulitoa. Utalitoa wewe, kwa mdomo wako."

Tuliporudi, Mwalimu Bujiku alikuwa anasubiri pale dukani, na Mama Mageni alikuwa ameshamsimulia yote, kama alivyowasimulia majirani tangu asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu," Fredy akaanza kunong'ona. "Aliyeifunga kompyuta ni mimi..."

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Mama Mageni hajasikia."

Akarudia kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wote pale gengeni wakasikia. Mwalimu akamgeukia Mama Mageni.

"Kijana amefanya vyema kusema ukweli, ingawa amechelewa," akasema. "Na wewe, mama, umemsikia. Wapitie wote uliowasimulia asubuhi, ukawaambie kwamba Eunice si mwizi."

Mama Mageni alifunika nyanya zake, akajitanda kanga, akaanza na nyumba ya kwanza.