Presha Imeshuka, Mama Hasimami

Ndugu zangu, nyumba hii ilikuwa na raha yake. Fundi cherehani alishona sebuleni, na mama yake, ajuza wa miaka tisini, alikaa barazani akitania wateja. "Gauni linakubana wewe, au wewe ndiye unayelibana?"

Kisha kliniki wakasema presha yake imepanda. Wakampa kidonge kimoja cha kila asubuhi. Fundi, bintiye, akashikwa na hofu, maana baba yake alifariki kwa kiharusi. Akanunua mashine ya kupimia, na kila alipoona namba haimridhishi alimwongezea mama kidonge kutoka kwenye dawa za presha alizokuwa akinywa yeye binti.

Namba zikawa nzuri. Lakini mama kila akisimama, macho yaliingia giza. Akaanguka mlangoni mwa choo. Akaanguka tena jikoni.

"Mwanangu, hizi dawa zinanimaliza."

"Uzee huo, mama. Tazama namba yako, kama ya msichana!"

Ili asianguke tena, binti akamshonea mkanda wa kitambaa, akamfunga kiunoni kwenye kiti sebuleni, fundo nyuma ya kiti mkono usipofika. Jamani, hakuwa mbaya binti huyu. Alimpenda mno mama yake, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza. Mama akabaki kuitazama baraza dirishani. Kuomba kwenda msalani kulimtia aibu, akaacha kunywa maji, akazidi kulegea. Alijiona amezikwa huku amekaa.

Siku moja mteja mmoja, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake aliyoshonewa.

"Shikamoo bibi. Leo huna utani?"

"Marahaba. Aliyefungwa atatania nini, mjukuu wangu?"

Muuguzi akampima, kisha akasema, "Dada, mfungue asimame." Akampima tena. Namba ikaporomoka, na bibi akawalegea mikononi.

"Unampima amekaa, dada, naye anaanguka akisimama. Dawa imemzidi. Nani kamwongezea?"

Fundi alilia kama mtoto. Siku hiyohiyo walikwenda kliniki, na daktari akamrudisha kwenye kidonge kimoja tu cha asubuhi.

Mama amerudi barazani, polepole, akishika ukuta. Utani nao umerudi. Ila mpaka leo, kabla hajainuka, hupapasa kiunoni kwanza. Binti huona, akainamia cherehani yake.

Funzo

Presha ya mzee sana haitibiwi kwa kubahatisha. Usimpe dawa ya mwingine, wala usimkatishe yake bila daktari. Omba apimwe amekaa na amesimama. Na akisema dawa inamzidi, msikilize yeye kabla hujaitazama mashine.